Dume la Sadaka

Mwinjilisti Yonasi Silwimba alikuwa na dawa yake ya kumnyamazisha mtu kanisani, nayo ni pambio. Mtu akisimama kusema neno lisilompendeza, Yonasi hagombi. Anapiga makofi mawili, anaanzisha wimbo, akina mama wanadaka, ngoma inaingia, na msemaji anabaki mdomo wazi kama kifaranga. Nani atathubutu kumkatiza Mungu akisifiwa? Ndivyo alivyomfanyia Enoka siku ya mavuno, mbele ya kanisa zima, na jamani, pambio lile liliua.

Maana Enoka hakusimama kwa ukorofi. Alikuwa mkulima wa kawaida pale kijijini, bondeni huko Momba, ukishaipita Ndalambo. Mtu mpole mpaka majirani walikuwa wakimtania kwamba hata kuku wake wanamgombeza. Mwezi wa nne ng'ombe wa Luhende walivunja uzio wa miiba wakaingia kwenye mahindi yake yaliyokwisha kubeba. Kulipokucha palibaki tope na mabua. Enoka akavaa shati lake aende kwa mtendaji wa kijiji, Yonasi akamkuta njiani.

"Ndugu yangu, Wakristo hatupelekani serikalini," akamwambia, mkono begani. "Luhende ni mwenzetu katika Bwana. Niachie mimi, tutayamaliza kanisani."

Ndio ulikuwa utaratibu wa kanisa lile tangu wazee wao. Ugomvi wa waumini unaanzia kwa mwinjilisti, na anayeuruka utaratibu huo anatengwa na meza ya Bwana. Enoka, mtu wa utii, akarudi nyumbani kungoja.

Akangoja wee. Mkewe Gwantwa akaanza kwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu ili watoto wapate uji. Na Yonasi je? Yonasi alikuwa na kanisa la kuezeka! Kuta zilikuwa zimenyeshewa miaka mingi, na Luhende, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake mingi, ndiye aliyeleta bati za nusu ya paa kwa lori kutoka Tunduma. Sasa alikuwa ameahidi dume la ng'ombe la kuuzwa ili kumalizia nusu iliyobaki. Mkono mtupu haulambwi, unajua mwenyewe. Kila Yonasi alipotaka kumgusia habari ya mahindi, macho yalipanda juu, yakaiona ile nusu iliyo wazi, na ulimi ukawa mzito. Alijiambia anamtumikia Mungu. Na kweli alimtumikia, lakini tusidanganyane: alitaka pia watu wapite barabarani waseme kanisa lile alijenga Yonasi. Alilitaka hilo kuliko chakula.

Siku ya mavuno ikafika. Mbele ya madhabahu palijaa magunia ya mahindi, ufuta, karanga, maboga, na kuku waliofungwa miguu. Dennis, kiongozi wa vijana na dalali wa mnada wa sadaka, alikuwa ameshajitengeneza koo. Luhende akasimama na mkewe Shani, akatangaza kwamba dume liko nje, limefungwa kwenye kigingi, na kuanzia leo ni mali ya Bwana. Vigelegele vikapasua kanisa.

Hapo ndipo Enoka alipoinuka.

"Mwinjilisti, naomba neno. Dume hilo limenenepea kwenye mahindi yangu. Kabla halijapokelewa, naomba..."

Makofi mawili. Pambio. Akina mama wakadaka, ngoma ikaingia.

Enoka alibaki amesimama, midomo ikicheza na sauti haisikiki. Yonasi alimwona. Alimwona vizuri tu, akafumba macho, akaimba kwa nguvu zaidi. Alipoyafumbua, mahali pa Enoka kwenye benchi palikuwa patupu na Gwantwa alikuwa anachungulia mlangoni.

Kisha ukaja mlio. Ng'ombe akichinjwa analia, sote tumesikia, lakini huu haukuwa mlio wa kuchinjwa. Watu wakatoka mbio wakisukumana. Dume la sadaka lilikuwa limekaa kwa makalio kama mbwa, mguu wa nyuma umekatwa mshipa, damu inaruka, nalo linajaribu kusimama na kuanguka, kusimama na kuanguka. Kando yake alisimama Enoka na panga alilolichomoa kwenye baiskeli yake.

"Sasa mtanisikia," alisema. "Sasa mtanisikia au bado?"

Fimbo ya Luhende ya kuchungia ilishuka juu ya kichwa cha Enoka, mara moja, kwa mikono miwili, na Enoka akaanguka chini kama gunia. Yonasi alitaka kusema kitu. Kabla hajapata neno, Dennis alikuwa ameshamrukia Luhende kifuani.

Kumbe si Enoka peke yake! Kila kijana pale alikuwa na shamba lake lililoliwa, na kila mmoja alikuwa ameambiwa na Yonasi, kwa upole, mkono begani, kwamba yataisha kanisani. Yalikuwa hayajaisha. Yalikuwa yamelala tu. Wakamshukia Luhende kwa mateke, kwa mawe, kwa miguu ya benchi. Jino likaruka. Mtu akamkanyaga mkono mpaka ukalia. Wazee wa kanisa, waliokuwa dakika chache nyuma wakiimba sauti ya tatu, walikuwa wanaokota matofali.

Shani alipoona mumewe anauawa, alishika kichwa kwa mikono miwili akapiga mwano.

Mwano wa Wasukuma si ukelele wa kulia. Ni wito. Ukiusikia unaacha sufuria motoni, unashika rungu au mkuki, unakimbilia ulikotokea, maana asiyekwenda leo hataendewa kesho. Na hakuna anayeuliza nani mkosaji mpaka afike. Ng'ambo ya kijito kilichokauka sauti nyingine ikaudaka, na ng'ambo ya hapo nyingine, mpaka bonde zima likawa linaitana.

"Acheni!" Yonasi alipiga kelele. "Kwa jina la Bwana, acheni!"

Hakuna aliyegeuka. Na unajua alifanya nini, masikini? Alipiga makofi mawili akaanzisha pambio. Sauti yake ikaenda peke yake, ikafika nusu ya ubeti, ikakauka. Hofu ikamshika ambayo hajawahi kuijua. Aliona wazi kwamba Luhende akifa pale, wafugaji watakaofika hawatamwacha mtu hai.

Akajitupa. Alipita katikati ya miguu akamlalia Luhende, suti yake ya Jumapili na yote. Mateke mawili matatu yakamshukia yeye, mbavuni, kisha panga alilolinyakua Dennis kwenye baiskeli nyingine likaja, naye hakuwahi kulizuia. Lilimpata mkono wa kushoto. Vidole viwili vikabaki vinaning'inia.

"Toka, mwinjilisti!" Dennis alifoka, lakini uso ulikuwa umempauka. "Toka, hatuna ugomvi na wewe!"

Wakasita kidogo tu, na katika kusita huko Yonasi akamkokota Luhende kwa ukosi wa shati mpaka ndani ya kanisa, akaubana mlango kwa gogo. Luhende alikuwa anapumua kwa kukoroma. Jicho moja lilikuwa limezibwa kabisa na uvimbe.

"Mtoe!" Ilikuwa sauti ya Dennis nje. "Mtoe, au tunachoma kanisa! Petroli ninayo hapa, nimeitoa kwenye pikipiki!"

Yonasi aliangalia juu. Bati za nusu zilikuwa zinang'aa na jua la mchana, mbao mpya bado zinanukia msumeno. Miaka yake yote ilikuwa pale juu. Na chini miguuni pake kulikuwa na mtu aliyemletea bati hizo, anatema damu kwenye sakafu, mtu ambaye sasa hakuwa na lolote la kumpa yeyote. Yonasi alilia. Sikufichi, alilia kwa sauti, na sijui kama alilia kwa ajili ya mtu au kwa ajili ya paa.

"Choma," akasema.

"Unasemaje?"

"Choma! Mtu simtoi!"

Dennis hakuwa mtoto wa kutishia bure. Petroli ikapita chini ya mlango, moto ukafuata. Mlango ukawaka, mabenchi yakadaka, miali ikapanda kwenye mbao za paa. Mahindi ya sadaka yakaanza kupasuka kama bisi, na kuku waliofungwa miguu wakawa wanapiga kelele ambazo Yonasi hatazisahau. Alimpandisha Luhende begani kwa mkono ule mzima, akapita naye upande usio na paa, akatokea mlango mdogo wa nyuma. Moshi ulimfuata mpaka nje.

Kwa mbele, wafugaji walikuwa wamefika.

Walikuja wamejipanga, marungu na mikuki, wanahema kwa mbio. Vijana wa Dennis na wale wazee walipouona wingi wao wakatawanyika kuelekea vichakani. Uwanjani akabaki mtu mmoja. Enoka alikuwa amezinduka. Alikuwa ameinuka kwa shida, damu imemjaa machoni, hajui yuko wapi, na kwa kuwa kichwa kilimzunguka alikuwa amejiegemeza kwenye panga lake. Panga lile lilikuwa na damu. Damu ya ng'ombe! Lakini nani angewaambia? Walimwona mtu na panga lenye damu, kanisa linawaka, Luhende haonekani.

Mkuki ulimwingia chini ya mbavu. Rungu likafuata, na jingine.

"Si huyo!" Luhende alipiga yowe, akining'inia begani mwa Yonasi pale kwenye kona ya ukuta. "Jamani, niko hai! Si huyo! Si huyo!"

Wakageuka. Rungu lililokuwa limeinuliwa likashushwa taratibu. Shani akaja mbio akamkumbatia mumewe, na wale wanaume wakamwangalia Enoka, wakaangaliana. Wakambeba Luhende, mzee wao, wakaondoka naye kwa haraka, bila kumaliza ugomvi. Dume lilikuwa limeshakufa. Gwantwa alitoka alikojificha na wanawake wenzake, akaketi vumbini, akaweka kichwa cha mumewe mapajani.

Enoka alikohoa, akakata roho.

Paa likaanguka ndani, lile la bati za Luhende, na hakuna aliyekwenda kuzima. Vijana wakarudi mmoja mmoja kutoka vichakani, na nyuma yao wakaja wanaume wa vitongoji vya jirani waliouona moshi, kila mtu na panga, shoka, jembe. Uwanja ukajaa. Wakaiona maiti. Wakauona mkono wa mwinjilisti aliouviringisha kwenye koti, na koti limeloa. Manung'uniko yakazimika, wote wakamgeukia yeye.

"Mwinjilisti, sema neno," Dennis alisema. Alikuwa analia huku ameshika panga lile lile. "Sema neno moja tu, tuwafuate mpaka zizini."

Loo! Kile alichokitamani maisha yake yote kilikuwa kimesimama mbele yake: kijiji kizima, kimya, kinangoja kinywa chake tu. Hapakuwa na haja ya makofi wala ngoma.

Yonasi akapiga magoti mbele yao.

"Mnamtafuta aliyemuua Enoka?" akasema. "Ni mimi. Alitaka kwenda kwa mtendaji nikamfungia njia. Akaja kwangu sikumsikiliza, kwa sababu nilitaka bati. Leo alisimama aseme, nikamwimbia. Kama ni damu mnataka, anzeni na mimi hapa, kisha..."

Yalikuwa maneno ya kweli, simnyimi haki yake. Lakini hata pale, na mkono umekatwa, sauti ilikuwa ya mimbarani, imepanda pale panapotakiwa kupanda, na akina mama wameshaanza kuitikia kwa vilio. Dakika nyingine angekuwa katikati ya mahubiri.

"Baba, nyamaza."

Alikuwa Gwantwa. Hakupaza sauti.

"Umesema sana, baba. Tangu mwezi wa nne unasema. Mume wangu amelala kwenye vumbi, inzi wanamjaa. Ile ndoo pale. Kanichotee maji nimwoshe."

Watu walishtuka. Kuchota maji ni kazi ya wanawake, na hakuna mtu pale aliyewahi kumwona mwinjilisti amebeba hata kikombe. Mama mmoja akainuka haraka aichukue yeye, Gwantwa akamtazama tu, mama akakaa.

Yonasi alibaki amepiga magoti, mdomo umefunguka. Kisha akaufunga. Akainuka, akaichukua ndoo, akaelekea pampu ya kijiji.

Alikaa huko muda mrefu, maana kupampu kwa mkono mmoja ni kazi. Wanaume na mapanga yao walingoja. Mtu mmoja alikaa chini. Mwingine aliuliza kwa sauti ndogo nani atakwenda kuchimba kaburi, na hakuna aliyemkaripia kwa kuuliza. Hatimaye wakamwona anarudi, ameinama upande mmoja, maji yanamwagikia suruali, damu ya ule mkono mwingine inadondoka nyuma yake. Alikuja moja kwa moja katikati yao, wala hakumtazama mtu.

Dennis alikuwa amesimama njiani, panga mkononi.

"Mwinjilisti," akasema. "Neno."

Yonasi alisimama mbele yake na ndoo, akingoja njia, na Dennis akasogea kumpisha.