Fungu la Miraa la Mwalimu Muthamia

Jina langu ni Mukiri, maana yake kwa Kimeru mtu mnyamavu, na hapo wazazi wangu walikosea vibaya. Mimi huongea. Naongea nikiuza ndizi sokoni Mitunguu, naongea kanisani mpaka mzee wa kanisa ananikoholea, na kila Jumanne naongea kwenye zahanati, ambako angalau maneno yangu yana kazi. Nakaa na watu waliougua akili, kwa sababu mimi mwenyewe niliugua. Kwenye karatasi zao wameniandika mhudumu mwenza. Sokoni wananiita Mukiri wa Vichwa, nami huitika, kwani kichwa si kiungo kama goti?

Ugonjwa wangu ulianzia mjini Maua, nilipokuwa nafanya kazi ya kufunga miraa. Nilifunga huku natafuna ili mikono iende mbio, hadi usingizi ukanihama wiki nzima, nikapanda juu ya pikapu nikaanza kuyahubiria magunia. Waliokuwepo wanasema nilihubiri vizuri. Ndugu zangu walinishusha kwa kamba ya katani. Nikatibiwa, nikapata nafuu, dawa nameza hadi leo na miraa siigusi. Lakini kupona ni jambo moja, na watu kukubali kwamba umepona ni jambo lingine kabisa. Dada yangu mdogo alipoposwa, mimi nilikuwa mzima mwaka wa pili. Wakaniambia nikae ghalani nilinde mahindi, yasije yakaliwa na panya. Nikalinda siku nzima, vigelegele navisikia ng'ambo ya ukuta. Mtu alisukuma mlango bila hata hodi, akaweka sahani sakafuni, akaenda zake. Panya sikumwona hata mmoja. Nililia siku hiyo, na hasira yake sijaimaliza.

Ndiyo maana Ntinyari aliponijia zahanati na shida yake, damu ilinichemka kabla hajamaliza kueleza. Ntinyari ni binti wa Mwalimu Muthamia, ambaye nimekaa naye kila Jumanne kwa miaka minne. Mwalimu alifundisha hesabu maisha yake yote mpaka alipougua. Sasa alikuwa anaendelea vizuri. Alipalilia migomba yake, alisoma gazeti, alinisahihisha Kiswahili changu bila kuombwa. Adui yake alikuwa mmoja tu, miraa. Mwaka juzi alitafuna kidogo tu matangani, akakosa usingizi siku tatu, wakamkuta shambani akiifundisha migomba kugawanya. Ilituchukua miezi mitano kumrudisha.

Ntinyari alisema anakuja kuposwa na watu wa Maua, Jumamosi ya wiki ijayo. Na baba yake mdogo, Elphas, ameshapanga kwamba siku hiyo Mwalimu apelekwe kwa jamaa fulani Runyenjes akapumzike, na yeye Elphas asimame kama baba. Nikamwuliza, akapumzike kutokana na nini? Ntinyari akaanza kulia.

Sasa, ili ulielewe tatizo, lazima ujue watu wa Mwalimu ni Waigembe, Wameru wa upande wa Maua, waliohamia huku chini, na hao waposaji ni Waigembe vilevile. Kwao posa huja na fungu la miraa. Inachaguliwa moja moja, inafungwa kwa majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba ya mgomba. Baba wa msichana ndiye anayelipokea. Akilifungua na kutafuna kijiti cha kwanza, amekubali, na wazee wengine wanagawiwa. Akilirudisha likiwa limefungwa, amekataa. Hakuna baba aliyewahi kufungua halafu asitafune. Kwa hivyo Mwalimu akitafuna, atatupotea, na safari hii huenda asirudi. Asipotafuna, posa ya binti yake inaharibika. Na akienda Runyenjes, amekuwa marehemu anayepumua.

Nililipeleka jambo hilo kwa Ndwiga, nesi wetu. Ndwiga mwenyewe ni wa Runyenjes, kijana mpole, kwao ni chai na kahawa. Akasema si Mwalimu aseme tu hapana, asante. Nikamwangalia. Ati hapana, asante, utadhani ameandaliwa mandazi. Ndwiga akacheka, kisha akanikumbusha yale tuliyofundishwa Embu, kwenye ule ukumbi ambao nilibishana na mkufunzi tangu asubuhi mpaka chai ya saa nne. Tulifundishwa kwamba mhudumu mwenza anasimulia yake, halafu anamwachia mwenyewe aamue yake. Nikamjibu kwamba nayakumbuka. Na kweli niliyakumbuka, ila sikuyafuata.

Tulimwendea Elphas, mimi, Ntinyari na Mwalimu. Elphas si mtu mbaya. Ni yeye aliyemtoa kaka yake shambani mwaka ule kwa upole, akimjibu maswali ya kugawanya njia nzima. Lakini ameogopa, na mwoga akishapanga jambo ni mgumu kuliko jiwe. Alisema watu wa Maua wakimwona Mwalimu anatetemeka watauliza, wakiuliza wataambiwa, wakiambiwa watarudi kwao. Nilikuwa nimemwandalia hotuba ya kumkausha, lakini Ntinyari alinitangulia. Alisema baba yake akienda Runyenjes, na yeye anaenda naye, hao wageni wakija wapose ng'ombe. Elphas akakuna kichwa kwa muda mrefu. Mwishowe akasema sawa, kaka yake akae kwenye kiti chake, lakini fungu likifika lazima litafunwe.

Hapo ndipo mimi nikajitwika kazi isiyokuwa yangu. Nilibuni ujanja. Mwalimu atafungua fungu, ataweka kijiti mdomoni, atachezesha taya, kisha atajipangusa midomo kwa leso na kutema humo kila kitu bila kumeza hata tone. Tukaanza mazoezi nyumbani kwake kwa vijiti vya mpera. Mimi nilikuwa mzee wa Maua, nimeshika bakora na kukunja uso, yeye akawa yeye. Wee, nimefundisha watu wengi mambo mengi, lakini mwanafunzi mbovu kama yule sijapata. Alichezesha taya kama mbuzi anayewaza mambo mengine. Leso ikamwanguka. Mikono ilitetemeka kwa sababu ya dawa, na kila ilipotetemeka akasimama kuitazama.

Siku ya tatu ya mazoezi aliweka kijiti chini.

"Mukiri, ulipokuwa ghalani ulitaka nini?"

Nilimwambia nilitaka kiti. Kiti tu, hata kibovu, huko nje walikokuwa watu.

"Mimi kiti nimepata," akasema. "Sasa wewe unanifundisha kukikalia nikiwa mtu mwingine."

Nilimwambia aache falsafa ashughulike na mpera. Nilikasirika, nikuambie ukweli, kwa sababu neno lake lilinichoma na sikutaka kujua ni kwa nini.

Jumamosi ikafika na wageni wakafika, watu kumi na wawili, wakiongozwa na baba wa kijana, Mzee Kaberia, mrefu, koti zito kwenye joto la Mitunguu, uso hauna habari. Wanaume wakakaa hemani. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, lakini mimi nilinyakua birika kubwa la chai na sikuliachia. Mtu mwenye birika hupita popote bila kuulizwa. Nikawa nazunguka hema lile namiminia hata waliokwisha kunywa.

Mwalimu alikaa katikati, suti yake ya kustaafia, leso kwenye mfuko wa kifua kama tulivyopanga. Elphas pembeni yake alikuwa anatoka jasho la watu wawili. Maneno ya kuzunguka yakasemwa, ya kwamba wageni wameona ua zuri kwenye boma hili, na kadhalika. Kisha Mzee Kaberia akainuka, akaleta fungu, akalitua mikononi mwa Mwalimu.

Mikono ikaanza. Ilitetemeka mpaka majani ya mgomba yakawa yanatoa sauti, na hema lote likasikia. Aliitafuta ncha ya kamba, ikamponyoka. Akaitafuta tena. Elphas akanyoosha mkono amsaidie, Mwalimu akatikisa kichwa. Nilikuwa nimebana birika kifuani, limeniunguza na sijali, namwomba Mungu aishike kamba ile kwa upande wa pili. Ikafunguka. Mwalimu akaikunjua miraa yote, mbichi, nyekundu, akachukua kijiti cha kwanza. Nikasema moyoni, sasa leso.

Akakirudisha kijiti pamoja na vingine.

"Mzee Kaberia," akasema, polepole kama alivyokuwa akisema darasani, "fungu lako nimelipokea, na nimelifungua kwa mikono hii mnayoiona. Inatetemeka kwa sababu ya dawa. Niliugua akili, natibiwa, na miraa itanirudisha nilikotoka. Kwa hivyo sitatafuna. Binti yangu nimekubali aolewe. Ndugu yangu Elphas ana meno mazuri, atatafuna kwa niaba yangu."

Nilikuwa namiminia mgeni mmoja chai, ikajaa, ikafurika, ikamshukia kwenye kiatu, na yeye hakugutuka. Nilijua tumeharibu. Nilimwona Ntinyari kwenye mlango wa jikoni, ameshika mdomo kwa mikono miwili. Nikajilaumu mimi na vijiti vyangu vya mpera.

Mzee Kaberia alikaa chini. Kisha akamwuliza Mwalimu swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Hizo dawa, walikushawishi vipi uanze kuzimeza?"

Nilishtuka. Mtu anayekushangaa hakuulizi hivyo. Hivyo huuliza mtu aliyejaribu kumshawishi mwingine akashindwa. Mwalimu naye alilielewa, kwa sababu alijibu kama wako wawili tu. Alisema hakushawishiwa na mtu. Ni mama mmoja muuza ndizi alikuwa anakuja kukaa naye, akimsimulia jinsi alivyoyahubiria magunia, majuma na majuma, bila kumwuliza lolote, mpaka siku moja yeye mwenyewe akamwuliza zile dawa zake zina ladha gani. Halafu akaninyooshea kidole, mimi na birika langu. Watu kumi na wawili wa Maua wakageuka. Mara ya kwanza maishani mwangu nikakosa la kusema.

"Elphas," akasema Mzee Kaberia, "tafuna basi, tunangoja."

Elphas alitafuna. Alitafuna kama aliyeachiliwa kutoka kifungoni, machozi yanamtoka, na wanawake jikoni wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Ntinyari alimkumbatia baba yake mbele ya wageni, jambo ambalo halifanywi, na hakuna aliyelikataza.

Baada ya chakula, Mzee Kaberia alikuja jikoni. Mzee wa kwao haingii jikoni kwa watu, kwa hivyo sufuria zote zilinyamaza. Aliniita pembeni. Akasema ana dada yake, anaitwa Kathambi, anaugua mwaka wa saba. Akasema leo wamemwacha kwenye chumba cha nyuma, wakamwambia achunge kuku.

"Kuku wangapi?" nikamwuliza.

Aliinamisha kichwa. "Tuliwauza wote mwaka jana."

Haki ya Mungu, niliona giza. Mahindi yangu, panya wangu, sahani yangu sakafuni, vyote vilinipanda mpaka kooni. Nilishafungua mdomo nimwambie huyu mzee mrefu jambo ambalo angelibeba hadi kaburini. Mwalimu akatokea nyuma yangu. Sijui alifika saa ngapi.

"Mukiri, huyu niachie mimi," akasema. "Jumatatu nitakwenda kumwona. Wewe utabeba ndizi."

Nikambebea ndizi. Mkungu mzima wa ndizi mbivu, kutoka Mitunguu mpaka Maua, mimi mhudumu mwenza wa miaka minane, nimekuwa mchukuzi. Njiani alinionya mara mbili kwamba yeye ndiye atakayesema. Nikamwambia nimesikia, mimi si kiziwi.

Chumba cha Kathambi kilikuwa nyuma ya boma, ukuta wa mbao, mlango una kufuli kwa nje. Mzee Kaberia akatoa ufunguo. Mwalimu akamshika mkono, akamwambia asubiri kwanza. Akasogea mlangoni, akarekebisha koti, akasema hodi.

Nikavuta pumzi niseme kitu, Mwalimu akanigeukia kwa jicho lile alilokuwa akiwatolea watoto waliopiga kelele darasani. Nikafunga mdomo. Akasema hodi tena, kwa sauti ileile, akangoja kama mtu mwenye siku nzima.

"Ni nani anayebisha kwangu?" Sauti ya mwanamke, kavu, kama ambayo haijatumika siku nyingi.

"Ni Muthamia, baba yake Ntinyari atakayeolewa hapa. Niliugua kama wewe. Nimekuletea ndizi."

Tulingoja. Ndani tulisikia kitu kikiburutwa, labda kiti. Hatua zikaja, zikarudi, zikaja tena.

"Karibuni," akasema. "Lakini mvue viatu, nimepiga deki."

Mzee Kaberia akafungua kufuli. Kisha, kabla yetu sote, akainama kutafuta ncha ya kamba za viatu vyake, na mikono yake ilitetemeka kuliko ya Mwalimu.