Daktari wa Meno Achora Mwizi

Daktari wa meno mwenye kliniki juu ya duka la vioo alianza kuchora katika umri ule ambao wenzake huanza kulalamikia magoti. Si kwamba kipaji kilikuwa kimemwasha tangu utotoni. Alikuwa ameona video ya mzee mmoja akichora farasi kwa mistari michache, akajiambia: kama yule anaweza na mikono inamtetemeka, mimi ninayetoboa jino bila kugusa ulimi nitashindwa nini?

Kesho yake alirudi nyumbani na penseli za kila namna, ngumu na laini, vifutio vya kufinyangwa kama udongo, ubao wa kuegemeza karatasi na kofia yenye ukingo mpana.

“Kofia ya nini?” mkewe aliuliza. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na hata salamu yake ilikuwa na harufu ya mtihani.

“Ya kukinga mwanga. Wasanii huvaa.”

“Utachorea juani?”

“Sebuleni.”

Mwalimu aliitazama kofia, akaitazama taa ya sebuleni, akarudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

Shida ya kwanza ilikuwa kitu cha kuchora. Paka alichorwa kichwa, akaondoka kabla daktari hajafika kiwiliwili. Maua yalinyauka. Mwalimu mwenyewe alikubali kukaa jioni moja, shingo imenyooka, na alipoonyeshwa matokeo aliuliza kwa upole kama ni yeye au ni shangazi yake marehemu. Daktari akamweleza kuwa huo ni mtindo. Mwalimu hakukaa tena.

Akabaki Shemeji. Huyu alikuwa mdogo wake Mwalimu, aliyekuja kwa wiki moja kutafuta kazi, na ile wiki ikazaa miezi. Kazi hakuipata kwa sababu kazi zilikuwa nje na yeye alikuwa kwenye kochi. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa kutulia, Shemeji hakuwa na mpinzani. Ungeweza kumchora, ukaenda kunywa chai, ukarudi, ukamkuta na mkunjo uleule wa shati.

Basi kila jioni ikawa ni Shemeji. Shemeji ameketi, Shemeji amelala, Shemeji amelala na rimoti tumboni. Uso wa mviringo, nyusi zilizokutana, baka jeusi kidevuni. Mwanzoni michoro ilifanana na viazi. Baadaye ikafanana na kiazi kimoja maalumu, na mwishowe hata Mwalimu alikiri, kwa sauti ndogo, kwamba huyo ni mdogo wake kweli. Lakini mazoea yana taabu. Mkono wa daktari ulikuwa umejifunza sura moja kama kasuku anavyojifunza neno moja, na ukaiona inatosha kwa binadamu wote.

Alipoanza kuchora wagonjwa wake na kuwatundika kwenye ukuta wa chumba cha kusubiria, wote walitoka na nyusi zilizokutana. Wanawake aliwaongezea hereni.

Na wote walimsifu. Mgeni gani atamkosoa mpishi kabla hajapakuliwa? Mtu anayesubiri kutobolewa jino hawezi kusema ukweli kuhusu sanaa ya mtoboaji. Wale waliokuwa tayari kitini, midomo wazi na pamba mashavuni, walionyeshwa mchoro mpya juu ya nyuso zao, wakatoa sauti kama “aaa-aa.”

“Asante,” daktari alijibu. “Wengi wanasema hivyo.”

Bibi mmoja tu, muuguzi mstaafu aliyekuja kurekebishiwa meno ya bandia, alizunguka ukuta mzima mikono nyuma, kisha akauliza, “Hawa ni ukoo mmoja?”

“Hapana, mama. Ni watu mbalimbali.”

“Mbona wamefanana?”

“Ni mtindo wangu.”

“Aha,” alisema bibi, akaketi. “Nilidhani ni ugonjwa.”

Dada wa mapokezi akakohoa. Alikuwa na kikohozi ambacho hakuna dawa iliyokisaidia, maana kilimjia tu michoro ilipozungumzwa.

Alasiri moja, dada huyo akiwa ameshuka dukani kununua karatasi za kuchapia, aliingia mwanamume ameshika shavu. Gego lilikuwa likimtesa. Daktari akamweka kitini, akamtia ganzi, akatoboa, akasafisha mzizi, akaziba kwa muda, akamwambia arudi wiki ijayo wamalizie. Kisha akaingia chumba cha ndani kuchemsha vifaa. Alipotoka, kiti kilikuwa kitupu. Mezani kwa dada hapakuwa na kompyuta wala mkoba wa kuibebea, na simu ya dada iliyokuwa ikichajiwa imebaki waya.

Inspekta alikuja. Mtu mnene, mwenye subira, aliyeandika polepole.

“Ulimwona uso, Daktari?”

“Kwa karibu kuliko mkewe anavyomwona.”

“Eleza.”

Daktari akafumba macho. Kilichomjia ni mdomo. Aliyaona yale meno kana kwamba bado yako mbele yake: jino la mbele limemeguka pembeni, ufizi wa chini umevimba, madoa ya tumbaku, gego la juu kushoto likiwa na kazi yake mwenyewe ndani. Angeyasema hayo tu, kila daktari wa meno mjini angepigiwa simu na mambo yangeisha kesho yake. Lakini uso haukuja. Juu ya ule mdomo palikuwa na ukungu, kwa sababu miaka yote hiyo daktari hakuwahi kumtazama mgonjwa juu ya pua.

Angekiri hilo, angekuwa daktari wa meno wa kawaida.

“Afande,” alisema, “maneno ya nini? Mimi ni mchoraji.”

Dada wa mapokezi alikohoa mpaka akaomba maji.

Daktari akavaa kofia, akachora. Mkono ulikwenda wenyewe, bila kusita, na yeye mwenyewe akashangaa jinsi sura ya yule mtu ilivyokuwa imejificha moyoni mwake. Akatia kivuli chini ya taya na kuzunguka macho. Kile kivuli ndicho kilichomponza Inspekta. Hakuwa amewahi kuletewa mchoro wenye kivuli.

“Hii ni kazi ya kitaalamu,” alisema.

Dada aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Alikuwa ameshafika nyumbani kwa daktari mara kadhaa kupeleka funguo. “Daktari, una hakika?”

“Uso huu nimeuona kwa macho yangu.”

“Hapo sina shaka,” alisema dada.

Mchoro ukachapishwa, ukabandikwa benki, kituo cha mabasi na kwenye milango ya maduka, chini yake maneno ANATAFUTWA: MWIZI WA KLINIKI YA MENO. Mwalimu, ambaye alikwenda kazini kabla ya jua kali na kurudi amebeba madaftari mpaka kidevuni, hakuuona. Shemeji naye hakuuona, kwa kuwa haukubandikwa kwenye televisheni.

Ikatokea sabuni ikaisha. Mwalimu, akiwa na nguo zimelowa kwenye beseni, alimwambia ndugu yake kwa sauti isiyokuwa na mlango wa kutokea, “Inuka, uende dukani.” Shemeji akainuka, akavaa viatu kama mtu anayevaa pingu, akatoka.

Mwenye duka alimpa sabuni. Akamtazama. Akautazama mlango wake. Akamtazama tena.

“Kaka,” alisema, “hebu geuka kidogo upande wa mwanga.”

Shemeji, aliyezoea kuambiwa hivyo kila jioni, akageuka bila kuuliza, akainua na kidevu.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Watu walikusanyika kama nzi kwenye kidonda. Mmoja alimshika ukosi, mwingine akampiga kofi kwa niaba ya wote walioibiwa simu mwaka ule, na Shemeji akaanguka kwenye ngazi ya duka, akavunja jino. Polisi walipofika alikuwa bado amekumbatia sabuni.

Inspekta alimpigia daktari simu. “Tumempata. Nimefanya kazi hii tangu kijana, sijaona mchoro uliofanana na mtu namna hii.”

Daktari alimwacha mgonjwa na pamba mdomoni. Njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake. Mtu asiye mkewe, asiye kitini kwake, tena mtumishi wa serikali, ametamka neno “umefanana.” Aliingia kituoni kofia kichwani, akaongozwa hadi kwenye benchi la nyuma.

“Shemeji,” alisema Shemeji, akiwa na kiatu kimoja.

Shemeji akaachiwa, na kule nyumbani Mwalimu hakupandisha sauti. Angepandisha, daktari angepumua.

“Umemchora mdogo wangu.”

“Nilimchora mwizi.”

“Kwa hiyo umemchora mdogo wangu, chini umeandika mwizi.”

“Maandishi ni ya polisi.”

Mwalimu alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili jibu pamoja na jina la mwenzake. Kuanzia siku hiyo daktari alitengewa chakula kwenye sahani ya plastiki, ile ya paka. Chumba kidogo chenye dirisha, alichokuwa amekiandaa kwa ajili ya sanaa, akapewa Shemeji apone humo. Jino likatengenezwa bure, na majeruhi akawa anaitisha supu kwa kugonga ukuta.

Mabango yalibaki mitaani. Inspekta alisema kuyabandika kulihitaji agizo moja, na kuyabandua kulihitaji lingine, na hilo lingine halijafika. Daktari alikuwa akipita barabarani ameinamisha kichwa kama mwenye deni.

Mwizi naye alikuwa akipita, ila yeye ameinua kichwa. Alilisoma bango, akajigusa kidevu kisicho na baka, akacheka. Zile siku gego lilikuwa limeanza kumwamsha, maana mzizi ulikuwa haujamaliziwa, na kuhangaika na daktari mwingine aanze upya aliona ni upuuzi. Huyu alishamjua mkono wake kuwa mwepesi. Na kama hivi ndivyo anavyomkumbuka, basi yuko salama kuliko mtoto mchanga.

Akarudi. Dada wa mapokezi, ambaye hakuwapo siku ile, alimwandikisha kwa jina alilolitaja. Mwizi akatundika mkoba wake kwenye msumari, akakaa chini ya bango, maana hata pale kliniki lilibandikwa.

“Huyu hamjamkamata?” aliuliza.

“Bado,” alisema dada.

“Ana sura mbaya.”

Kitini alifungua mdomo, na daktari akainama na taa yake. Jino la mbele limemeguka pembeni. Madoa ya tumbaku. Gego la juu kushoto. Daktari aliisogeza taa karibu zaidi. Uso mtu anaweza kuusahau, lakini hakuna fundi asiyekijua kiraka chake.

“Hapa,” alisema taratibu, “itabidi nikutie ganzi ya kutosha.”

Akamtia ya kumtosha ng'ombe. Kisha akatoka kwa kunyata, akamnong'oneza dada. Dada alikuwa ameukodolea macho ule mkoba kwenye msumari, wenye kibandiko cha dawa ya meno alichokibandika kwa mkono wake.

Inspekta akafika, akamtazama mtu, akalitazama bango.

“Siye.”

“Ndiye, Afande.”

“Daktari, huyu uso wake mwembamba. Nyusi hazijakutana. Baka liko wapi? Mchoro rasmi una baka.”

“Achana na mchoro.”

“Niachane na ushahidi?”

Daktari akavua kofia. Alikuwa amewahi kung'oa magego yaliyoota kando, yenye mizizi kama mizizi ya muhogo, lakini hakuna lililotoka kwa taabu kama sentensi ile. “Mchoro haukufanana,” alisema.

“Sijasikia.”

“Haukufanana.”

Dada wa mapokezi aliacha kuandika ili afaidi vizuri. Inspekta akaufungua mkoba, akaiwasha kompyuta, na kwenye kioo ikatokea picha ya daktari na kofia yake, penseli sikioni. Mwizi alijaribu kujitetea, lakini nusu ya uso ilikuwa imelala. Maneno yalitoka yamelegea, pamoja na mate. Inspekta aliyasikiliza kwa makini, kisha akaandika: amekubali.

Ungedhani daktari angezichoma penseli. Baada ya siku chache alikuwa akiwahadithia wagonjwa kwamba ule ulikuwa mtego. “Ningemchora alivyo, angerudi?” aliuliza, na cha kuudhi ni kwamba swali lake halikuwa na jibu. Alimuuliza hata Mwalimu, mezani.

“Kwa hiyo chambo alikuwa mdogo wangu,” alisema Mwalimu, na daktari akainamia sahani ya paka.

Lakini moyoni alishatoa hukumu. Kosa halikuwa la mkono, lilikuwa la penseli. Penseli haina rangi, na bila rangi watu lazima wafanane. Jumamosi akarudi nyumbani na chupa za rangi, brashi, na turubai kubwa kama mlango.

Shemeji aliyaona hayo kupitia dirisha la chumba chake. Asubuhi ya Jumatatu alikuwa amenyoa, amepiga pasi shati, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwenye ghala, kazi ya kukaa, pamoja na chumba cha kulala hukohuko. Mwalimu alimsaidia kubeba begi mpaka getini, akasimama akimtazama hadi alipokata kona, asiamini.

Aliporudi sebuleni alimkuta mumewe ameketi mbele ya kochi tupu, brashi mdomoni, jicho moja amelifumba, akimpima yeye kwa kidole gumba.

“Usithubutu,” alisema.