Nyumba ya Shangazi Ndani ya Bustani

Karatasi ilikuwa imekwama tena kwenye mashine ya kutolea nakala, na Katibu alikuwa amepiga magoti sakafuni akiivuta taratibu isichanike, pale muuza maziwa alipoingia dukani na kusema kwamba amepita jikoni kwa Shangazi.

"Jikoni wapi?" Katibu aliuliza bila kuinua kichwa.

"Jikoni kwake. Nimetoka darajani, nikakatisha bustanini nije huku, nikajikuta sebuleni. Nikapiga hodi, kimya. Nikapita jikoni, nikatokea mlango wa nyuma. Birika lilikuwa jikoni linachemka peke yake. Nimelishusha lisije likaungua."

Katibu aliitoa karatasi, akaifunga mashine. Nyumba ya Shangazi ilibomolewa mwanzoni mwa kiangazi, naye alikuwepo. Matofali yalibebwa kwa toroli, mabati yakaezekea choo cha soko, na pale palipokuwa na msingi zikapandwa nyasi ambazo sasa zilikuwa zimeshika vizuri.

"Umefanya vyema kulishusha," alisema.

"Nitolee kopi ya hiki," muuza maziwa akasema, akampa kitambulisho chake.

Watu walimwita Katibu kwa sababu alikuwa katibu wa kila kitu. Mtaa ulikuwa na vikundi vitatu, na vyote vilimchagua kwa sababu ileile, kwamba yeye ndiye mwenye kompyuta. Chama cha Wafanyabiashara kilitaka mtaa ukue. Walinzi wa Kijito walitaka kijito kibaki kama kilivyoumbwa, au angalau kisinuke. Umoja wa Wakazi ulitaka watu waishi kwa kujuana, wazikane na waalikane. Kwa miaka mingi vikundi hivyo havikuwa vikipikika chungu kimoja. Katibu alikuwa akiandika malalamiko ya kikundi kimoja, akayapokea kwa niaba ya kingine, kisha akajijibu kwa ukali, na siku nyingine alirudi nyumbani akiwa amejikasirikia.

Ndiyo maana siku vilipokubaliana kutengeneza bustani kando ya kijito, yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Wafanyabiashara wangepata vibanda kwenye ukuta wa bustani. Walinzi wangepata miti ya asili kwenye kingo. Wakazi wangepata mabenchi na mahali pa kufanyia harusi. Mwenyekiti wa Wafanyabiashara, mtu mnene mwenye utani mwingi ambaye mtaa mzima ulimwita Saruji kwa ajili ya duka lake, alimpa mkono Mwalimu, mwenyekiti wa Walinzi, ambaye walikuwa wakipishana naye barabarani kama hawaonani. Mama Mkunga, mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi, alipiga kigelegele kirefu. Mchoro ukatandazwa mezani. Nyumba moja tu ndiyo iliyokuwa katikati yake.

Ilikuwa ya Shangazi, dada wa baba yake Katibu. Alikuwa akishona magodoro ya sufi sebuleni kwake, na ndiye aliyemlea Katibu tangu mama yake alipofariki. Kwa hiyo vikundi vitatu vilimtuma yeye akaseme naye.

"Halafu mimi nitakwenda wapi?" Shangazi aliuliza siku hiyo, sindano mdomoni.

"Utapatiwa kiwanja, Shangazi. Pale nyuma ya ghala. Pazuri, pana upepo."

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi naona ni jambo zuri."

"Basi," akasema, akakata uzi kwa meno.

Alihamia kwa binti yake ng'ambo ya barabara kuu, kwa muda, katika chumba ambacho wajukuu walikuwa wamekijaza tayari. Yeye aliyeushonea mtaa mzima magodoro akawa analala pembeni ya kitanda, mguu mmoja chini. Muda ule ukaendelea kuwa muda.

Siku aliyoambiwa habari za birika, Katibu alifunga duka mapema akaenda bustanini. Kwanza alisimama kando aangalie. Watu walitoka darajani, wakafuata njia ya kokoto, na walipofika katikati ya nyasi kila mmoja alifuta miguu mahali pasipo na kitu, akainamisha kichwa kidogo, akapita. Mlango wa Shangazi ulikuwa mfupi tangu zamani. Hatua chache mbele waliinama tena, wakatoka, wakaendelea na safari zao. Mwanamke mmoja alitoka akiwa ameshika kijiti cha kiberiti, akageuka, akakirudisha.

Katibu naye akaenda. Akafuta miguu, akainama, na alikuwa sebuleni. Kiti kilikuwa palepale, na waya alioufunga yeye zamani kwenye mguu wa kiti. Vipande vya sufi vilikuwa pembezoni mwa kuta. Redio ya betri ilikuwa ikisema kwa sauti ndogo, na dirishani hakuona bustani wala mabenchi. Aliona ule ua wa zamani, na kanga zimeanikwa. Alikaa. Akasimama. Alifikiri kwamba anapaswa kufanya jambo, lakini halikumjia ni jambo gani. Alipotokea mlango wa nyuma, suruali yake ilikuwa imeshika sufi magotini.

Jioni alikwenda kumweleza Shangazi.

"Birika motoni?" Shangazi alisema. "Haiwezekani. Mimi siachi birika motoni."

Kesho yake alikuja na mkoba wake wa sindano, akaingia, akakagua jiko, akakubali kwamba birika ni lake. Kisha akakaa kufanya kazi. Kwa mtu aliyekuwa nje, alionekana mama mtu mzima ameketi juu ya hewa katikati ya nyasi, akivuta uzi kwa mkono mrefu. Mvua iliponyesha haikumpata. Baada ya siku chache wateja walianza kuleta magodoro yao, wakiyapitisha mlangoni kwa shida kama zamani, wakiyakunja na kuyasukuma, na watoto waliokaa kwenye mabenchi waliwaelekeza: "Inua upande wa kulia."

Tatizo pekee lilikuwa usiku. Bustani ilikuwa na kanuni ambazo vikundi vitatu vilizipitisha kwa pamoja, na Katibu ndiye aliyezipiga chapa na kuzibandika getini. Mojawapo ilisema kwamba baada ya kengele ya jioni hakuna mtu atakayebaki ndani. Jua lilipozama, mlinzi wa geti alipiga kengele, akaenda hadi katikati ya nyasi, akabisha hodi kwa adabu.

"Mama, muda umefika."

"Mimi niko kwangu," Shangazi akamjibu.

"Ni kweli uko kwako, Mama. Lakini kwako kuko ndani ya bustani."

Shangazi alilitafakari jambo hilo huku akikunja kitambaa, na hakuona pa kulikatalia. Akavaa viatu, akatoka, akaenda kwa binti yake. Tangu hapo ikawa hivyo kila jioni.

Kamati ya pamoja ya vikundi vitatu ilikutana kulizungumzia. Walikaa katika ukumbi wa shule, kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa juu.

"Swali langu ni moja," Saruji alisema. "Kile ni kibanda au si kibanda? Kama mtu anafanya biashara mle, awe mwanachama wetu. Namkaribisha kwa mikono miwili."

"Nimepima nyasi," Mwalimu akasema. Alikuwa mwalimu wa biolojia hadi alipostaafu, na kila Jumamosi aliingia kijitoni na mabuti ya mpira kutoa mifuko ya plastiki kwa mikono yake. "Nyumba haiweki kivuli. Zinakua kuliko hata za pembeni. Kwa upande wa mazingira hatuna pingamizi."

"Na watu wameipenda," Mama Mkunga akasema. "Tangu watu wapite sebuleni kwake, wanasalimiana. Nyinyi hamjaona? Huwezi kumpita mtu jikoni bila kumjulia hali."

Wote walikubaliana kwamba hilo ni kweli. Katibu aliomba nafasi.

"Lile suala la kiwanja," alisema. "Shangazi bado hajapata."

Kila mmoja akamwangalia mwenzake, akimsubiri aanze.

"Si Umoja wa Wakazi mlilichukua hilo?" Saruji aliuliza.

"Sisi?" Mama Mkunga alisema. "Sisi tulichukua kumhamisha. Vyombo tulibeba wenyewe, hata sufuria moja haikupotea. Mambo ya viwanja nilijua ni ya Mwalimu, maana yeye ndiye aliyekuwa na ramani."

"Ramani yangu ni ya kijito," Mwalimu akasema. "Nyuma ya ghala ni eneo la wafanyabiashara. Nilidhani Saruji ameshaonyesha mipaka."

"Ningeonyesha," Saruji alisema, "ila hakuna aliyeniambia nionyeshe. Na sasa pale kuna mifuko yangu ya saruji, lakini ni kwa muda tu. Kwani nani alimwahidi?"

Wakamtazama Katibu.

"Mimi nilimwambia atapatiwa," Katibu akasema.

"Enhe. Na nani?"

Katibu alijaribu kukumbuka. Alikumbuka sindano mdomoni mwa Shangazi, na upepo aliousifia. Neno lilikuwa "utapatiwa". Alilipokea kutoka kwa kamati, akalipeleka jinsi lilivyo, na Shangazi akalipokea. Ndani yake hapakuwa na mtu.

"Na sisi," alisema mwishowe.

"Basi tuko pamoja," Mama Mkunga akasema kwa faraja, na wakaendelea na suala la mapipa ya taka.

Katibu alirudi nyumbani kichwa kimemjaa. Kama angempata mtu wa kumkasirikia, angelala. Lakini Mama Mkunga alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, na akiitwa usiku alitoka hata kama mvua inanyesha. Mwalimu alikuwa na vidonda mikononi kwa ajili ya kijito. Saruji alitoa mabenchi yote bila kutaka jina lake liandikwe. Alitafuta mtu mbaya hata mmoja katika jambo hili, akamkosa. Akajitazama mwenyewe, lakini kila alipojaribu kujishika, alijikuta ni katibu tu.

Siku moja mchana aliingia kwa Shangazi, akakaa kwenye kile kiti. Watu walikuwa wakipita baina yao, wakisema "hamjambo humu" na kuinama mlangoni.

"Shangazi, unanilaumu?"

"Nikulaumu kwa lipi?" Shangazi alikuwa akishindilia sufi kwenye pembe ya godoro kwa ngumi. "Uliniambia ni jambo zuri. Na ni zuri. Waangalie watu wanavyopita."

"Lakini kiwanja."

"Kiwanja mimi nakisubiri. Nishikie hapa."

Akashika pale alipoonyeshwa. Hakujua kama amesamehewa au ameambiwa kitu kibaya kuliko lawama. Alishika mpaka mshono ukaisha, kisha akaaga, akarudi dukani, na mteja wa kwanza alilazimika kurudia mara mbili anachotaka.

Bustani ikajulikana. Vikundi kutoka mitaa mingine vilianza kuja kujifunza jinsi wafanyabiashara, walinzi wa mazingira na wakazi wanavyoweza kufanya kazi pamoja, na wageni walipitishwa kijitoni, kwenye vibanda, na sebuleni kwa Shangazi, ambako aliwataka wavue viatu. Walivua. Nyasi zikajaa viatu vilivyopangwa mistari.

Kisha shule ikahitaji ukumbi wake kwa mitihani, na Mama Mkunga akapendekeza kamati ikutane kwa Shangazi, maana ni katikati, hakuna jua, na viti vipo. Hakuna aliyepinga. Shangazi alisogeza magodoro ukutani, akachemsha chai, akaongeza viti kutoka kwa majirani wa zamani. Watu waliokaa mabenchini waliwaona viongozi wao wameketi duara hewani, vikombe mkononi, wakizungumza kwa utulivu, na Saruji akiegemea kitu kisichokuwepo na kucheka.

Ulikuwa mkutano mzuri. Mwalimu alieleza kuhusu vyura waliorudi. Saruji alikubali vibanda visogezwe ili mizizi ipate nafasi, jambo ambalo mwaka uliopita lingevunja mkutano. Mama Mkunga alitaja familia mbili zilizopatana. Shangazi aliwazungukia na birika, akisikiliza, akijaza vikombe vilivyopungua. Katibu alikuwa ameliweka suala la kiwanja mwisho wa mambo ya siku hiyo, kwa kuwa mwanzo ulijaa.

Walipolifikia, Mwalimu alisema kwamba kwa maoni yake hili ni la dharura. Mama Mkunga akamshika Shangazi mkono na kusema hawajamsahau. Saruji akasema ile mifuko itaondoka karibuni, ikishaondoka watakaa chini. Kabla hajamaliza, kengele ya jioni ikalia getini.

"Kanuni ni kanuni," Saruji akasema akiinuka, "tusije tukafukuzwa na mlinzi wetu wenyewe." Wakacheka. Wakamshukuru Shangazi kwa chai, mmoja mmoja, wakainama mlangoni, wakaenda. Suala likasogezwa mbele.

Katibu alibaki. Shangazi alikuwa akiosha vikombe. Mlinzi alikuja, akabisha, akaona bado kuna kazi, akawageuzia mgongo kuwasubiri, maana hakuwa mtu wa haraka. Vilipokwisha vyote, Shangazi alivifunika kwa kitambaa, akazima redio, akavaa viatu. Wakatoka wote wawili kwenye nyasi. Mlinzi akafunga geti nyuma yao.

Katibu alimsindikiza mpaka barabara kuu. Magari yalikuwa mengi, ikabidi wasubiri. Alikuwa akitafuta la kumwambia, na kila sentensi aliyoianza kichwani ilimpeleka kwa kamati.

"Mkutano ujao," Shangazi akasema akitazama magari, "mtakuwa wangapi?"

"Wengi, Shangazi. Kuna wageni."

"Basi itabidi niazime vikombe," akasema, na njia ilipopata nafasi akavuka.