Jibini la Butihinda

Jibini la kwanza lilipasuka mchana, duka langu la mtaa wa Magarama likiwa halina mteja. Nilisikia mtu amegonga mlango wa chumba cha nyuma, mara moja, kwa adabu. Nikasema karibu. Sikujibiwa. Nilipofungua nilikuta jibini moja limevimba, lina ufa katikati, linanuka matapishi ya mtoto mchanga.

Mimi si mwoga. Mwanamke anayeendesha duka hana nafasi ya uoga. Lakini kugonga kuliendelea, na majirani wakaanza kununua chumvi kwingine.

Majibini yale alinitumia Salama, binti wa ba'mkubwa wangu, kutoka Butihinda, mkoani Muyinga. Mwaka sabini na mbili, mwaka wa mauaji, alivuka mpaka mgongoni mwa mama yake, baada ya baba yake Athumani, fundi cherehani, kuchukuliwa asirudi tena. Alikulia Tanzania. Alirudi Burundi akiwa mtu mzima, kwa jambo moja tu: kujua baba yake amelala wapi, amsomee dua. Aliuliza nyumba baada ya nyumba. Walimpa kiti, wakazungumza habari za mvua. Basi akanunua ng'ombe wawili, akabaki kusubiri.

Nilimwita Namegabe, Mkongomani wa Bukavu aliyemfundisha Salama kutengeneza jibini. Alinusa, akanicheka.

"Mama Hidaya, hii haiko mzimu. Iko bakteri. Ya kwanza inakula sukari ya maziwa, inaacha uchachu, tunaita laktati. Sasa iko zingine, za ku udongo. Zinalala miaka mingi, hata we uchemshe maziwa hazife. Siku zinaamuka, zinakula ule uchachu."

"Kwa meno gani?"

"Haina meno. Iko na enzimu. Enzimu inashika laktati, inaikatakata, na gazi inatoka, hewa tu. Gazi inakosa mlango, inapasua. Voilà, mzimu yako."

Nilicheka naye, ila neno lile la kulala miaka mingi lilinikaa vibaya.

"Dada yako anakata majani ya ng'ombe wapi?" aliuliza. "Udongo inaingilia kule."

Tulikwenda Butihinda pamoja. Salama alitupeleka kwenye kibonde nyuma ya shamba la kahawa. Ilikuwa kiangazi, vilima vyote vimekauka, lakini pale majani yalikuwa mabichi, yananifika kiunoni.

"Na hakuna mwingine anayekata?" niliuliza.

"Hakuna. Ni bahati yangu," alisema Salama.

Namegabe aling'oa shina moja. Mizizi ilikuja na udongo mweusi, laini. Akamwambia Salama akate juu zaidi, aoshe viwele vizuri, na jibini litapona. Kazi yetu ilikuwa imekwisha. Lakini mimi nilibaki nimekodoa macho. Nchi hii ndugu wanashtakiana kwa ardhi ya upana wa jembe. Nani anaacha majani kama yale yazeeke bure?

Jirani mmoja, bibi Mwajuma, alikuwa akipita na kapu la maharage. Nikamuuliza. Alitua kapu, akamtazama Salama, si mimi.

"Tulifikiri we unajua."

"Najua nini, bibi?" Salama aliuliza.

"Ulipouliza, tuliogopa kusema. Halafu tukakuona unakuja hapa kila asubuhi na mundu, peke yako. Tukasema, mtoto wa Athumani amejua, anamsafishia baba yake kaburi. Basi tukanyamaza. Tuliona ni heshima."

Salama alitaka kukaa chini, kisha akasimama haraka. Hakujua akanyage wapi. Mundu ulikuwa bado mkononi.

Namegabe alivua kofia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba bakteri zile ziko katika kila udongo, hata wa kwao Bukavu, na jibini halimjui mtu. Alisema kweli, na nilimshukuru. Haikutusaidia kitu. Tulisoma Fatiha palepale, pembeni.

"Majibini yaliyobaki dukani umeyatupa?" Salama aliniuliza baadaye.

"Bado."

"Usiyatupe, Hidaya."

Siku hizi jibini lake ni zuri, halina ufa, na majani ya kibonde kile hayakatwi. La zamani lilibaki moja chumba cha nyuma. Najua ni gazi, nimefundishwa, naweza kukueleza hata enzimu. Lakini lilipogonga, mchana, duka likiwa tupu, niliacha mizani nikasimama.

"Karibu, ba'mkubwa," nikasema, nikalia.