Msumeno Uliozunguka Kinyumenyume

Jumatatu, saa mbili asubuhi, mwenye karakana ya useremala, ambaye wote humwita Bosi, aliwasha msumeno wa meza, akasukuma ubao, na ubao ukatoka mpana kuliko ulivyoingia. Msumeno ulikuwa unazunguka kinyumenyume. Vumbi la mbao lilinyanyuka sakafuni, likaingia kwenye mkato na kuuziba. Alipitisha vipande viwili vingine, vikaungana na kuota gome pembeni. Alizima, akampigia simu fundi mota, na kabla simu haijapokelewa alishajua wa kumlaumu.

Fundi mota, mama mfupi mwenye tochi mfukoni, ndiye aliyeisuka upya mota hiyo wiki iliyopita. Bosi alimpokea kwa jicho la pembeni na kumwambia wazi kwamba anamshuku: ama amekosea, ama ametumwa na washindani. Fundi hakubishana. Alifungua kifuniko, akamulika, akaeleza kama anavyowaeleza wateja wote. Nyaya za shaba zilizosukwa humo ndani zikipata umeme zinakuwa sumaku, na sumaku hiyo haitulii, inakimbia kwa kuzunguka. Chuma cha katikati kinaifukuza bila kuishika, na mbio hizo ndizo zinazozungusha msumeno. Umeme unaingia kwa nyaya tatu. Ukizibadilishana mbili nafasi, mbio zinageuka.

Nyaya hizi zote zilikuwa mahali pake. Fundi alibonyeza swichi, msumeno ukaenda mbele. Alimwita mdogo wa Bosi, aliyekuwa akipanga mbao, naye akabonyeza, ukaenda mbele. Bosi akabonyeza, ukarudi nyuma.

Mdogo wake aliusogelea msumeno. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole gumba tu. Miaka tisa iliyopita alikuwa akibadilisha meno ya msumeno huo huo, ameipa mgongo swichi, ukazunguka. Bosi aliwaeleza madaktari, kisha mama yao, kwamba mashine ilijiwasha yenyewe. Mdogo mtu alikubali kwa mdomo, kwa kuwa hakuona kitu. Moyoni shaka haikumtoka hata siku moja.

Bosi alibonyeza tena kwa hasira na hakuzima. Msumeno ulirudi nyuma, ukarudi, na mwishowe ukaweka mezani vidole vinne, vizima, kucha zina madoa ya vanishi. Fundi alivifuta kwa kitambaa, akampa mwenyewe. Mdogo mtu alivijaribu kimoja kimoja. Vilikuwa vyembamba, vya kijana, na mkono ulikuwa umeshanenepa kwa kubeba mbao. Havikukaa.

"Fundi," aliuliza, "mota inaweza kujiwasha?"

"Haiwezi. Bila mtu kuipa umeme, hiki ni chuma tu."

"Mashine za zamani zilikuwa na mambo yake," alisema Bosi, akiziangalia nyaya.

"Ni hii hii, kaka."

Bosi alikumbuka mteja anayesubiri kabati, akatoka. Fundi alifunga kifuniko na kuandika kwenye karatasi yake kwamba mota haina hitilafu.

Mdogo mtu alivifunga vidole kwenye leso na kwenda navyo nyumbani, vyumba viwili nyuma ya karakana, ambavyo pia ni vya kaka yake. Mkewe alimwambia waende kumweleza mama. Alikaa kitandani, akawaza nani atampa kazi seremala mwenye kidole kimoja mkono wa kulia, na watoto watalala wapi. Mkewe aliviweka vidole kwenye droo, chini ya vyeti vya kuzaliwa.

Bosi hagusi tena swichi. Wateja wameshazoea, wanasema kila mashine na mtu wake. Siku hizi mdogo wake ndiye anayewasha, na kila anapoinama kubadilisha meno, Bosi husimama nyuma yake, karibu na ukuta wenye swichi, akimwambia awe mwangalifu.