Watu Saba Kando ya Kitanda

Mdogo wangu ni fundi wa mitambo ya redio, na akishika kipimo mkononi hasemeshwi. Siku hiyo alikuwa kwenye wodi ya wazazi, ambako mkunga mkuu ni mimi. Alikuwa amefunga kifaa ukutani, kando ya kitanda, cha kupeleka mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni hadi kwa daktari, jengo la pili, bila waya. Saa nane mhandisi angekuja kupokea kazi. Asiporidhika, kifaa kingeng'olewa kipelekwe wodi nyingine.

"Dada, mtandao unakatika tena," akalalamika.

Alishalaumu ukuta, mabati, mapazia, hata toroli la mfagiaji, maskini, lililoegeshwa tu. Nami nilishaona jambo: kila alipokuja kuinamia kompyuta yake pale kitandani, namba za nguvu ya mtandao zilishuka. Akienda kunywa chai, zinapanda. Nilimwacha aende chai mara tatu bila kumwambia kitu, kwa sababu nilikuwa nafurahi.

"Fundi," nikamwita mwishowe, "hebu nenda kanywe chai."

"Tumbo limejaa chai, dada."

"Nenda tu."

Akaenda akinung'unika. Nikamsomea namba kwa sauti mpaka koridoni. Aliposikia zinavyopanda akarudi mbio, na zikaanguka palepale. Akakitazama kitambi chake, kisha akanitazama mimi.

"Mwili ni maji," akasema polepole. "Maji yanameza mawimbi. Lakini hilo nalijua! Nawafundisha watu!"

"Umehesabu vitanda, umehesabu mapazia. Mwenyewe hukujihesabu."

Tukacheka mpaka machozi. Kisha akavuta fomu aandike kwamba mtandao ni mzima, kasoro ilikuwa mpimaji. Ilikuwa saa saba na nusu.

Hapo utani ukaniishia. "Usisaini."

"Si umeona mwenyewe hauna shida?"

"Hauna shida kitanda kikiwa kitupu na wewe uko chai. Uzazi ukiwa mgumu, unadhani tunasimama wangapi hapa?"

Mwaka jana tulisimama saba. Daktari alifuatwa kwa miguu, akafika amechelewa. Mtoto yule nilimfunika shuka mimi mwenyewe. Sikuwahi kumsimulia mdogo wangu, na siku hiyo nilimsimulia kwa maneno hayohayo machache. Akaweka kalamu chini.

Nikakusanya watu: wakunga watatu, mfagiaji, karani, mpishi na aproni yake. Tukakizunguka kitanda tumebanana, na namba zikafa kabisa. Fundi akapanda ngazi, akaitoa antena ya kifaa pale ukutani, usawa wa vifua vyetu, na kuanza kuifunga juu, karibu na dari.

"Sogeeni zaidi! Mpishi, inama, saidia!"

"Namsaidia nani?"

"Wewe inama tu!"

Namba zikapanda. Tukasukumana, tukabadilishana nafasi, zikabaki pale pale. Mhandisi alipoingia alitukuta watu saba tumeinamia godoro tupu, hakuna anayethubutu kukohoa, na fundi yuko juu ya ngazi jasho linamtoka. Alimpigia daktari simu, akaiweka sauti ya juu.

"Mapigo ya majaribio nayapata," daktari akasema. "Yote. Hakuna hata moja lililopotea."

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikaketi juu ya godoro lile, nikalia.