Faili la Mtongwe Lapata Kikohozi

Jumatatu moja ya mwaka 1962, baada ya sala ya alasiri, wanawake kumi na saba wa Mtongwe walimaliza uradi wao, zile dua za kila Jumatatu, nyumbani kwa Mwanasaumu binti Boga. Wakala mahamri, wakanywa kahawa, kisha sinia ikaondolewa mkekani na mahali pake ikawekwa karatasi. Walikuwa wameazimia kuiandikia Serikali.

Kwao hapakuwa na pa kutazamiwa mtoto mgonjwa. Aliyeumwa alifungwa mgongoni, akavushwa kwa feri, akapangishwa foleni ng'ambo, na aghalabu ilipofika zamu yake daktari alikuwa ametoka kwenda kula. Mjukuu wa Mwanasaumu, Nana, mtoto wa miaka miwili, alikuwa akikohoa tangu masika. Mamake alifia uzazini, Mungu amrehemu, na Mwanasaumu hakuwa na mwengine ila huyo.

Aliyeitwa kuandika ni Maalim Khatibu, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzuri. Lakini wino wake ulikuwa umekauka, na mwenye duka alikuwa amefunga kwenda maziarani. Kilichokuwepo ni kikombe cha zafarani. Asubuhi ile Maalim alikuwa amemwandikia mtu kombe, zile aya ziandikwazo kwa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa.

"Huu si wino wa Serikali," alisema Maalim.

"Serikali itajuaje?" alisema Mwanasaumu. "Andika, Maalim. Magharibi hiyo yaja."

Maalim akapiga bismillahi akaandika: kwamba watoto wa Mtongwe wanakohoa na mbavu zao zaonekana, na wazazi wao wanaomba kliniki, mizani ya kuwapimia watoto, na nesi wa siku mbili kwa juma. Wanawake wote wakatia kidole gumba, Mwanasaumu akiwa wa kwanza. Nana, aliyekuwa amepakatwa, akaikoholea barua mara tatu. Ikapanguswa kwa upindo wa leso, ikapelekwa.

Ng'ambo, katika Idara ya Ustawi wa Watoto na Jamaa, karani Kenga aliitoboa barua matundu mawili, akaifunga ndani ya faili jipya, akalipa nambari. Siku ya tatu faili likaanza kukohoa.

Mwanzo Kenga alidhani ni karani wa meza ya pili, aliyekuwa mvutaji sana wa sigara. Alipofungua kabati alilikuta faili limejikunja katikati ya mafaili ya posho. Alilitoa, akaliegemeza dirishani, likapumua afadhali. Kisha akajaza fomu ya ugonjwa. Penye umri aliandika siku tatu. Penye dini aliandika Mwislamu, kwa sababu ya zafarani.

Alhamisi Mwanasaumu akavuka na Nana kwenda kuuliza jawabu.

"Shikamoo, mama," alisema Kenga.

"Marahaba, mwanangu. Barua yetu imesomwa?"

"Bado. Yaumwa."

"Yaumwa nini?"

"Kifua."

Mwanasaumu akatega sikio. Kikohozi kile alikijua, alikuwa akilala nacho kitanda kimoja tangu masika.

"Hicho ni cha Nana," alisema. "Basi dawa yake nyepesi. Hiyo imeandikwa kwa zafarani, haitaki kusomwa, yataka kunywewa. Mwambie Bwana Afya airoweke ndani ya marashi, anywe kwa bismillahi kabla hajatia kitu tumboni. Siku tatu."

Kenga alilifikiri jambo hilo kwa adabu.

"Karatasi za Serikali hazinywewi, mama. Lazima kwanza zipigwe nakala."

"Na anywe nakala."

"Nakala ni ya wino wa taipu. Itamdhuru."

Bwana Afya, mkubwa wa idara, alitoka chumbani kwake kusikiliza. Alikuwa Mwingereza mwenye huruma, aliyekuja ofisini na mbwa wake kila siku. Alivua kofia mbele ya faili, akasema haifai kitu kiteseke namna ile ndani ya ofisi ya Serikali, akapiga simu. Haikufika adhuhuri daktari akawa ameshuka garini. Aliweka chombo chake cha kusikilizia juu ya jalada, akaliambia faili livute pumzi, na faili likavuta. Akaandika dawa ya maji, kijiko kimoja mara tatu kwa siku, maziwa asubuhi na jioni, na yai kila baada ya siku moja. Akaagiza lilazwe mahali pasipo upepo, lipimwe uzito kila Ijumaa. Vyote vililetwa siku ile ile. Mizani ya watoto ilitolewa ghalani, ingali na majani makavu iliyofungiwa nayo ilipotoka Ulaya.

Mwanasaumu aliitazama mizani, akatazama na chupa.

"Na huyu? Yupo hapa hapa. Kijiko kimoja tu."

Kenga akapitisha kidole kwenye orodha. "Hana nambari, mama. Dawa hii imeandikiwa faili."

"Mtie ndani ya faili."

"Yumo tayari. Ukurasa wa kwanza, 'watoto wa Mtongwe'. Kwa hivyo ameshahudumiwa."

Aliyasema hayo akiinamia meza, kisha akampa Mwanasaumu kiti chenye egemeo. Kenga hakuwa mtu mbaya. Alhamisi moja Bwana Afya alipotoka na mbwa, alimwangushia Nana mdomoni matone yaliyosalia kijikoni, akaandika kitabuni kwamba yamemwagika.

Mwaka ukaisha na zaidi. Kila Alhamisi Mwanasaumu alivuka, akakaa kwenye kiti, na Nana na faili wakakohoa kwa kupokezana. Faili lilinenepa. Liliingia na wakia mbili, likafika ratili nne, maana kila juma taarifa ya hali yake ilitiwa ndani yake lenyewe. Nana hakuwa na mizani. Alikuwa na bangili ya fedha aliyovishwa alipotimiza mwaka, ikambana kifundoni. Sasa bibi yake aliweza kuisukuma mpaka begani.

Jumatatu wanawake waliwaombea wote wawili. Mwanasaumu hakuona haki kumnyima mgonjwa dua kwa kuwa ni karatasi.

"Hilo faili lenu lajionaje?" aliuliza Mwanarehema, jirani yake, akigawa kahawa.

"Alhamdulillahi, linakula vizuri. Maziwa halibakishi."

"Na Nana?"

"Yuwakohoa."

"Ungemvisha jalada, dada," alisema Mwanarehema. "Hwenda naye akaletewa yai."

Mwanasaumu hakucheka. Alhamisi iliyofuata alimvisha Nana jalada la kahawia, akamfunga utepe kiunoni. Kenga akamtazama sana. Akasema jalada ni la sawasawa, lakini halina muhuri.

Disemba ya 1963 bendera ilibadilishwa. Bwana Afya alilipapasa faili mgongoni, akaondoka na mbwa wake. Mahali pake akaja Bwana Randu, mtu wa pwani, aliyelelewa na bibi yake mwenyewe huko ndani ya mashamba. Alhamisi ya kwanza alisimama kumpokea Mwanasaumu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Afadhali umekuja wewe."

Mwanasaumu alimweleza habari yote, tangu uradi hata mizani. Bwana Randu akaisikiliza asiikate. Kisha akaliinamia faili, akaweka sikio juu ya jalada. Dakika ikapita. Faili lilikuwa likipumua taratibu kama mtoto aliyeshiba.

"Limepona," alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli, maana lilikuwa jambo la kwanza kutengenea mikononi mwake. Akaandika: *Kikohozi cha Mtongwe kimekwisha. Kliniki haihitajiki tena.* Akapiga muhuri mpya.

"Lililopona ni faili, mwanangu," alisema Mwanasaumu. "Nana huyu hapa."

Nana akakohoa. Bwana Randu akamtazama, machozi yakamlengalenga.

"Huyu ni shauri jengine, bibi. Yeye atafunguliwa faili lake. Lakini kwanza tumalize hili."

Kulimaliza hakukuwa kugumu. Sheria ilisema mgonjwa akipata ruhusa akabidhiwe jamaa yake wa karibu, na kidole cha kwanza penye barua kilikuwa cha Mwanasaumu. Kenga akaleta kitabu, Mwanasaumu akatia kidole tena. Akapewa faili, na karatasi ya maagizo: maziwa asubuhi na jioni, yai, lisilazwe penye upepo. Dawa ilirudishwa kabatini, kwa kuwa mgonjwa alikuwa mzima.

Kwenye feri ya saa nane alipanda na Nana mgongoni na faili kifuani, limefunikwa leso. Mama mmoja muuza mihogo akasogea akampisha kwenye benchi. Alifunua upindo wa leso kidogo, akachungulia, akaliminya faili ubavuni.

"Mashallah," alisema. "Hili limenona. La nani?"

"La Serikali."

Kikohozi kikatoka nyuma, kirefu, kisicho na haraka. Yule mama akanyoosha shingo.

"Na huyo?"

"Huyu ni wetu," alisema Mwanasaumu.